Mfuga Kinyonga, Mfuga Nzi

Kinyonga wa Jackson, yule ambaye dume lake lina pembe tatu usoni, hatagi. Jike hubeba mimba miezi mitano, sita, wakati mwingine zaidi, kisha siku moja huanza kudondosha watoto mmoja mmoja kutoka matawini, kila mmoja akiwa ndani ya utando mwembamba unaonata. Utando hupasuka ukigusa jani. Mtoto hujinyoosha, hufumbua macho, na muda si mrefu anapanda. Wanaweza kuwa wanane, wanaweza kupita thelathini. Mama hageuki kuwatazama. Katika nyumba za Marekani na Ulaya, ambako mnyama huyu wa milima ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania amefugwa kwa miongo kadhaa, mara nyingi tukio hili humkuta mwenye nyumba hana habari. Alinunua mnyama mmoja, naye alikuwa na mimba tangu msituni au tangu kwa mfanyabiashara. Au amekaa naye peke yake miezi mingi, jike amezaa mara moja, na sasa anazaa tena bila dume kuonekana, kwa sababu jike wa aina hii anaweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini na kuzitumia kwa uzao mwingine. Basi kizimba kilichokuwa na mmoja sasa kina ishirini na mmoja, na swali linaloulizwa kwa haraka ni: wanakula nini? Ni swali zuri, lakini chini yake kuna lingine linalopaswa kujibiwa kwanza, nalo ni nini hasa mwenye nyumba anadaiwa na viumbe hawa ambao hakuwaomba.

Jibu langu ni kwamba anadaiwa msitu. Hadaiwi umama, kwa kuwa umama hawakuwa nao hata huko walikotoka. Kwenye miteremko ya Mlima Kenya na Aberdare, kwenye Mlima Meru juu ya Arusha, na hata katika bustani za Nairobi, kinyonga wa Jackson huzaliwa akiwa amekamilika. Macho yake yanazunguka kila moja kivyake, ulimi wake uko tayari kurushwa, miguu yake inajua kushika kijiti. Kazi ya mama ilikwisha kabla ya siku hiyo. Wataalamu wanaeleza kwamba kuzaa watoto hai ni njia ya kuikwepa baridi ya milimani: yai lililofukiwa katika udongo wa baridi lingechelewa mno kuanguliwa, au lingeharibika, ilhali tumbo la mama linaweza kupelekwa juani asubuhi na kurudishwa kivulini mchana. Kinyonga wa nyanda za chini na pwani, ambaye wasomaji wengi wamemwona akivuka njia kwa mwendo wake wa kusitasita, yeye hufukua shimo, hutaga, hufukia, na kwenda zake. Wa milimani huyabeba mayai yake mpaka mwisho. Lakini baada ya hapo wote wawili wako sawa, kwani hakuna anayelisha, anayelinda wala anayefundisha. Kinachomlea mtoto ni mahali alipoangukia. Majani yana matone, matone yanavuta wadudu, wadudu ni wadogo kwa wakubwa na wako kila upande, jua linapenya kwa vipande, usiku unapoa. Anayemfungia mama ndani ya kizimba ameondoa vitu hivyo vyote kwa mkono mmoja. Hapo ndipo deni lilipozaliwa, na lilizaliwa siku mama aliponunuliwa, miezi kabla ya watoto kuonekana.

Hilo si suala la hisia tu. Hesabu ya siku inalithibitisha. Mtoto wa kinyonga huzaliwa na akiba kidogo ya kiini cha yai mwilini, inayomtosha siku ya kwanza, labda na ya pili. Baada ya hapo lazima ale, na ale mara nyingi kwa siku, kwa kuwa mwili wake mdogo hauna pa kuweka akiba. Chakula chake lazima kiwe hai na kiwe kinatembea, maana macho yake hayatambui mlo usiosogea. Tena kiwe kidogo: wafugaji wenye uzoefu hupima kwa jicho, mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho mawili ya mtoto. Wanaofaa ni wachache, yaani nzi wa matunda, nyenje waliototolewa juzi, na vidukari waliookotwa kwenye mimea isiyopuliziwa dawa. Sasa tazama nzi wa matunda wenyewe. Aina ndogo, inayozaa haraka kuliko nyingine, huhitaji siku kumi hadi kumi na mbili katika joto la nyuzi 25 kutoka yai hadi nzi mzima. Aina kubwa zaidi huchukua muda unaokaribia maradufu. Maana yake ni kwamba anayeanza kuzalisha nzi siku watoto walipozaliwa atapata mavuno yake ya kwanza baada ya njaa kumaliza kazi. Anaweza kununua chupa moja dukani, ikiwa duka liko karibu na lina nzi wiki hiyo, lakini chupa moja haiendi mbali. Mtoto mmoja anaweza kumeza nzi kumi, ishirini, na zaidi kwa siku; zidisha kwa idadi ya watoto, kisha kwa wiki nane au kumi, ndipo uone kwamba anayesema anafuga vinyonga, kazi yake halisi ni kufuga nzi. Chupa lazima zianzishwe kwa zamu, mpya kila wiki, zile zilizochoka zitupwe kabla ya kuota ukungu, na nyingine zifichwe mbali ili wadudu waharibifu wakiingia katika moja wasimalize zote. Hakuna uzuri wa kupigiwa picha katika kazi hii, lakini uhai wa watoto umeegemea hapo kuliko kwenye jambo jingine lolote.

Inafaa kukumbuka nzi hawa wametoka wapi. Wale wanaouzwa kwa wafugaji wengi wao hawawezi kuruka, wengine kwa sababu mbawa zao ni visiki tu. Mbawa za namna hiyo zilionekana kwanza katika maabara ya Thomas Hunt Morgan huko New York mwanzoni mwa karne ya 20, katika utafiti wa urithi wa tabia za viumbe uliompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1933. Kilema kilichowafundisha watu jinsi tabia zinavyorithiwa sasa kinamsaidia kinyonga mchanga aliye mbali na kwao kukamata chakula ambacho hakitamtoroka. Naliona hilo kuwa jambo la kustaajabisha, na pia ushahidi wa jinsi tulivyolazimika kwenda mbali ili kuiga kidogo tu kile ambacho kichaka kimoja cha Nyeri kinafanya bila kuagizwa.

Kushiba, hata hivyo, hakutoshi. Wadudu karibu wote wanaofugwa wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, ilhali mifupa inayokua inahitaji kinyume chake. Mtoto anaweza kula vizuri wiki sita, akanenepa, akampendeza mwenye nyumba, na chini ya ngozi mifupa yake ikawa inalainika. Kisha mguu unapinda, taya linalegea, ulimi unarushwa na haurudi sawasawa. Ni ndugu wa matege tunayoyajua kwa watoto wa binadamu, na chanzo ni kilekile, kalsiamu haba na jua haba. Kwa hiyo nzi hupakwa unga wa kalsiamu kabla ya kuliwa, na juu ya kizimba huwekwa taa inayotoa mionzi ya urujuanimno, ile inayouwezesha mwili kutengeneza vitamini D. Jua la dirishani halifai kitu hapa, kwa sababu kioo huzuia sehemu ileile ya mwanga inayotakiwa. Wala si kweli kwamba dawa ikizidi ni heri, maana vitamini za unga zikimiminwa kila siku hudhuru kama zinavyodhuru zikikosekana. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, Kristopher Karsten na wenzake waliwapa vinyonga chui wa Madagaska vyakula vyenye viwango tofauti vya vitamini D, kisha wakawaachia wachague wenyewe mahali pa kukaa. Waliopungukiwa vitamini hiyo walitafuta mionzi zaidi; waliokuwa nayo ya kutosha waliiepuka. Mnyama alijipimia mwenyewe. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito kuliko kitabu chochote cha maelekezo, kwa sababu unaonyesha umbo la wajibu wetu: kuweka mwanga upande mmoja na kivuli upande mwingine, kisha kumwachia kinyonga uamuzi. Msitu haumlazimishi kuota jua. Unampa nafasi ya kwenda na nafasi ya kurudi.

Maji nayo ni hivyo hivyo. Mtoto wa kinyonga hayatambui maji yaliyotulia ndani ya bakuli, na yakiwa na kina anaweza kuzama humo. Hunywa tone linaloning'inia kwenye jani. Kizimba kinyunyiziwe asubuhi na jioni, kisha kiachwe kikauke, kwa sababu unyevu usiokoma huleta maradhi ya ngozi na mapafu. Joto ndilo linaloua haraka zaidi. Watu husikia neno Afrika na kuwasha taa kali, kana kwamba bara zima ni jangwa. Huyu ni mtoto wa ukungu. Nyuzi 24 hivi mchana zinamtosha, na usiku zikishuka hadi 15 hapati dhara. Bali ndivyo mwili wake unavyotaka. Mwili mdogo kiasi hicho hukauka na kupata joto kwa dakika, hauna muda wa kusamehe kosa.

Kuna kanuni moja ya wafugaji ambayo naiona imeshikwa kwa nguvu kupita ushahidi wake, nayo ni kwamba kinyonga ni mpweke na kwa hiyo kila mtoto atengwe tangu siku ya kwanza. Ni kweli kwamba wakubwa hawavumiliani, na kwamba mtoto mkubwa anaweza kumnyima mdogo chakula, au hata kumng'ata mkia. Lakini mwaka 2014 Cissy Ballen na wenzake walichapisha matokeo ya kuwalea watoto wa kinyonga wa Yemen, wengine kila mmoja peke yake na wengine kwa makundi madogo. Waliolelewa peke yao walipokutana na wenzao baadaye walikuwa na rangi nyeusi zilizofifia, waliogopa zaidi, na katika kutafuta chakula walikuwa dhaifu zaidi. Huyo ni wa aina nyingine, wa nchi kame na mtagaji, kwa hiyo sitaki kulipeleka jambo hili moja kwa moja kwa kinyonga wa milimani. Ninachokipata humo ni tahadhari. Mtoto ana mahitaji tusiyoyadhania, na hata ujirani usiopendeza unaweza kuwa sehemu ya malezi. Njia inayoelekea kuwa ya haki ni makundi ya wachache katika kizimba chenye majani mengi, ili kila mmoja aweze kujificha asionekane, na jicho la mlezi likiwa kwa aliye mdogo zaidi. Anayebaki nyuma ahamishwe mapema, na ifikapo mwezi wa tatu au wa nne, rangi za ukubwani zinapoanza kuonekana, kila mmoja apate kwake.

Pingamizi la kwanza linakuja kwa jina la maumbile. Huko porini, husemwa, wengi wa watoto hawa wangekufa; ndiyo sababu mama huzaa ishirini badala ya wawili. Basi wakifa nusu yao ndani ya kizimba, mfugaji ana kosa gani? Sehemu ya kwanza ya hoja ni kweli kabisa. Sehemu ya pili haitokani nayo. Msituni mtoto anayekufa ameliwa na nyoka wa miti au ndege, na kifo chake ni mlo wa mwingine. Aliyebaki amebaki kwa sababu alijificha vizuri au alilenga vizuri. Kizimbani anayekufa kwa kukosa nzi hajashindwa mtihani wowote wa maumbile. Amekufa kwa kuwa mtu hakuandaa chupa. Kuliita hilo uchaguzi wa asili ni kuupa uzembe jina la sheria. Hata hivyo pingamizi hilo lina ukweli ninaoukubali, na ambao wenye huruma nyingi huusahau. Wako watakaozaliwa dhaifu, wasiofungua macho, wasioshika kijiti. Kuwafungua kinywa kwa nguvu na kuwapenyezea chakula kila saa si malezi. Aghalabu ni kurefusha mateso ili sisi tupate faraja. Deni la msitu ni kuweka kila kitu mahali pake. Kumhakikishia kila mtoto uhai hakumo ndani yake, na katika wale wasioweza kupona, daktari wa mifugo anayemaliza maumivu kwa upole ametenda haki. Kwa sababu hiyohiyo sioni faida ya kuwashikashika, kuwapapasa au kuwazoesha mkono. Wanaochukuliwa mkononi kila siku huishi katika hofu, na hofu huwazuia kula.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwa msomaji wa Kiswahili, na nisingependa kulipita upesi. Nani ana nafasi ya kuhesabu nzi kwa ajili ya mjusi, wakati watoto wa watu wanalala njaa? Tena mjusi mwenyewe ni kinyonga, mnyama ambaye katika sehemu nyingi za kwetu huogopwa, huhesabiwa mkosi, na hupigwa mawe na watoto wanaomkimbia muda huohuo. Najibu hivi. Hakuna anayelazimishwa kufuga kinyonga. Na nchini Kenya, chini ya sheria yake ya wanyamapori ya mwaka 2013, kumfuga bila kibali ni kosa. Mkulima wa Meru anayemkuta juu ya ua wake hana deni lolote la nzi. Akimwacha apite, amemtendea haki yote anayostahili. Wajibu ninaouzungumzia unamwangukia yule tu aliyenunua, akafunga mlango, na kwa kufunga huko akawa ndiye njia pekee ya chakula kumfikia mnyama. Naye gharama anayoambiwa alipe ni ndizi zilizoiva kupita kiasi, hamira kidogo, chupa na dakika zake. Hakuna sahani ya mtoto inayopungua kwa hilo. Na kuhusu hofu, sidhani huruma lazima isubiri mapenzi. Mtu anaweza kumwogopa kinyonga maisha yake yote na bado akaelewa kwamba kumfungia kiumbe na kumnyima chakula ni dhuluma.

Wapo pia wanaosema: tatizo dogo, wafungulie tu waende. Hili lilishajaribiwa, na jibu lake liko katika visiwa vya Hawaii. Mwaka 1972 mwenye duka la wanyama katika kisiwa cha Oahu alipokea shehena ya vinyonga wa Jackson kutoka Kenya. Walifika wamekonda na wamekauka, akawaachia katika bustani yake wapate nafuu. Walipata, wakaenea. Leo wako katika visiwa kadhaa, na ndani ya matumbo yao watafiti wamekuta wadudu wa asili ya huko pamoja na konokono wa miti, wakiwemo wa jenasi Achatinella, ambao sheria ya Marekani iliwaweka kundi zima katika orodha ya walio hatarini mwaka 1981. Konokono hao huzaa polepole sana, watoto wachache kwa mwaka, na hawakuwahi kumjua adui mwenye ulimi wa kurusha. Wema wa mtu mmoja kwa wanyama wachache wenye kiu umelipwa na viumbe wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Katika nchi za baridi, kuwafungulia ni kuwaua tu kwa mbali, usiku wa kwanza wa barafu ukifika. Na kurudishwa milimani walikotoka nako kuna hatari ya kupeleka vimelea vya kizimbani kwa vinyonga wa porini, hata kama sheria za mipaka zingeruhusu. Mlango ukishafungwa kwa njia hii haufunguki kwa upande wa nyuma.

Ndiyo maana naona aibu kubwa ya jambo hili haiko kwa yule anayeamka na kukuta watoto ishirini majanini na hajui afanye nini. Yeye angalau ameshtuka. Iko nyuma zaidi, katika biashara yenyewe. Vinyonga hawa wamo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, tangu mwaka 1977. Kenya ilikomesha kuwauza nje mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Tanzania ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Sheria hizo zinahesabu wanyama wanaovuka mpaka. Jike mwenye mimba huhesabiwa mmoja. Watoto wake hawamo katika karatasi yoyote, hawakutozwa chochote, na hakuna aliyeulizwa kama atawalisha, ingawa kila mwenye uzoefu wa biashara hii anajua kwamba jike mzima wa kinyonga wa Jackson aliyewahi kukaa na dume, hata kama ni zamani, anaweza kuzaa wakati wowote. Duka halina haja ya kifaa chochote cha kisasa ili kumwambia mnunuzi neno hilo. Linaweza kumweleza kwamba mama alishwe wadudu waliopakwa kalsiamu tangu leo, kwa kuwa mifupa ya watoto inajengwa kutoka kwake. Kwamba taa nzuri inunuliwe sasa. Kwamba akipanuka ubavuni na kuanza kuhangaika, siku zimekaribia. Na linaweza kukataa kumuuza jike kwa mtu asiyeondoka dukani na chupa mbili za nzi mkononi, moja ya kuanzia wiki hii na nyingine ya kuanzia wiki ijayo.